Fundi na mwanafunzi: kesi niliyoamulia Kwihara

Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne hapa Tabora na anataka kuwa fundi mwashi. Mjomba anasema, "Aje saiti awe saidia fundi, ujuzi uko kwenye mwiko." Mama anasema aende VETA akapate cheti. Kesi wakanikabidhi mimi, eti kwa sababu ni mwandishi wa habari!

Nikampeleka dogo Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe ambalo Livingstone na Stanley walifikia mwaka 1872. Wengi huenda pale kwa ajili ya Livingstone. Sisi tulitazama kuta. Tembe ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa la bapa, na zilikuwa nyingi kwenye njia ya misafara, kuanzia Ugogo hadi huku Unyamwezi. Waliozijenga hawakuwa na cheti. Kijana alimfuata fundi, akakanyaga udongo, akabeba miti, akakosea, akakaripiwa, akajua. Hata lugha yetu inashuhudia: fundi, kufundisha na mwanafunzi ni maneno ya shina moja.

Kisha ikaja reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Stesheni na madaraja hujengwa kwa michoro na hesabu, na asiyeweza kusoma mchoro hubaki mtu wa kuagizwa tu, hata mkono wake uwe mzuri namna gani.

Mjomba analijua hilo. Aliwahi kunyimwa usimamizi wa jengo ambalo kuta zake kazipandisha mwenyewe. Akapewa kijana mwenye cheti, ambaye hata timazi alikuwa anamuuliza mjomba. Ndiyo maana akisikia neno cheti anakunja uso.

Lakini VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, haina wanafunzi wa darasani peke yao. Ina utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini, na akifaulu anapewa cheti.

Basi nikahukumu hivi: dogo aende chuo, na kila likizo awe saiti kwa mjomba. Na mjomba naye akapimwe.

Mjomba alicheka sana. "Mpwa wangu, mzee kama mimi nikafanye mtihani?"

Jioni akanipigia simu kuuliza fomu zinachukuliwa wapi.