Kilio cha ng'ombe chasikika Glenwood

Mtaa wa Glenwood, mjini Durban, Afrika Kusini, umejengwa juu ya ukingo wa kilima. Upande wa mashariki huonekana bandari na Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi, nyuma ya majengo ya chuo kikuu ya Howard College, ardhi huteremka hadi bonde la Cato Manor, ambalo wakazi wake wa zamani waliliita Umkhumbane.

Kuanzia mwaka 1958 serikali ya Makaburu iliwahamisha kwa nguvu watu weusi wa bonde hilo na kuwapeleka KwaMashu na Umlazi. Wahindi wengi walipelekwa Chatsworth. Glenwood yenyewe ilitengwa kwa ajili ya Wazungu. Watu waliotenganishwa na kilima kimoja tu wakawa wanaishi chini ya sheria tofauti.

Juu ya kilima hicho, mwaka 1983, Chuo Kikuu cha Natal kilianza kufundisha muziki wa jazi hadi kiwango cha shahada, jambo lililokuwa halijafanywa na chuo kikuu kingine chochote barani Afrika. Mwanzilishi wake alikuwa mpiga piano Darius Brubeck kutoka Marekani, mtoto wa mwanamuziki mashuhuri Dave Brubeck. Alifika Durban pamoja na mkewe Catherine, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Mpiga jazi popote duniani hutarajiwa kuzijua nyimbo kadhaa za kudumu, zile zinazopigwa na kila kizazi kwa namna yake. Nyingi zilitungwa Marekani. Lakini Afrika Kusini nayo ilikuwa na zake, na mojawapo ya zile zinazoheshimiwa kuliko zote ni utungo usiokuwa na neno hata moja la kuimbwa. Jina lake ni Yakhal' Inkomo, yaani ng'ombe amelia.

Santuri ya mwaka 1968

Aliyeutunga na kuupuliza utungo huo ni Winston Ngozi, aliyejulikana zaidi kwa jina la utani la Mankunku. Alizaliwa mwaka 1943 huko Retreat, kitongoji cha mji wa Cape Town, na ala aliyojipatia sifa nayo ni saksafoni ya tenori.

Rekodi ilifanyika mjini Johannesburg mwezi Julai mwaka 1968. Kwenye piano alikuwapo Lionel Pillay, mwanamuziki wa asili ya Kihindi kutoka Durban. Agrippa Magwaza alipiga besi, na Early Mabuza alikuwa kwenye ngoma. Santuri ilikuwa na tungo nne tu. Mbili ni za Mankunku mwenyewe, na mbili ni za Wamarekani Horace Silver na John Coltrane.

Coltrane alikuwa amefariki dunia mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Julai 1967. Utungo wa pili wa Mankunku katika santuri hiyo ni heshima kwake na kwa Wayne Shorter, na mwenye sikio la jazi huitambua mara moja athari ya Coltrane katika upulizaji wote. Kutokana na hilo mtu angeweza kuuliza: je, kijana huyu wa Retreat hakuwa akiiga tu?

Jibu lilitolewa na wasikilizaji. Santuri ilinunuliwa kwa wingi katika vitongoji vya watu weusi na ikapigwa majumbani kwa miaka mingi. Lahani yake huanza kwa utulivu, juu ya mdundo wa besi na piano unaojirudia. Kisha saksafoni hupanda polepole hadi kufikia sauti ya kukwaruza, kama ya kiumbe aliyekamatwa shingoni. Watu walijua nani alikuwa akilia.

Kilio chenye maana mbili

Mmoja wa wasikilizaji hao alikuwa mshairi Mongane Wally Serote. Mwaka 1969 Serote alikamatwa na polisi chini ya sheria ya ugaidi, akawekwa kizuizini kwa miezi tisa, kisha akaachiwa bila ya kushtakiwa. Diwani yake ya kwanza ya mashairi ilitoka mwaka 1972, naye akaipa jina lile lile la utungo wa Mankunku.

Katika maelezo ya diwani hiyo Serote aliunganisha muziki huo na kisa alichosimuliwa na mchongaji Dumile Feni. Dumile aliwahi kushuhudia ng'ombe akichinjwa huku wenzake zizini wakitazama na kulia kwa ajili ya mwenzao. Kilio hicho hakikumtoka kichwani. Dumile aliihama Afrika Kusini mwaka 1968, mwaka ule ule wa santuri, na hakurudi tena. Alifariki dunia mjini New York mwaka 1991.

Hivyo Serote alisikia ndani ya saksafoni kilio cha wale wanaomtazama mwenzao akichinjwa, wakijua zamu yao ipo. Mankunku mwenyewe, alipoulizwa miaka ya baadaye, alikiri kuwa jina hilo lilificha uchungu wa mtu mweusi. Ilikuwa enzi ya pasi, kile ambacho Wakenya chini ya Waingereza walikiita kipande, na mwanamuziki aliyerudi nyumbani usiku hakuwa na hakika kama angelala kitandani mwake au korokoroni.

Lakini jina hilo lina maana nyingine kwa mtu aliyelelewa katika mila za Waxhosa. Fahali anapotolewa kafara kwa ajili ya mababu, hutarajiwa kulia. Akinyamaza, wenye shughuli huingiwa na wasiwasi. Akilia, watu hufurahi, kwani hiyo ni ishara kuwa mababu wamesikia na wameipokea sadaka. Kilio kile kile cha mauti huwa pia ni habari ya kuitikiwa.

Maana zote mbili zimo katika jina moja, na muziki hauilazimishi sikio kuchagua. Labda ndiyo sababu santuri iliyozaliwa katika majonzi iliweza kupigwa hata kwenye nyumba zenye furaha.

Muziki usiokuwa na maneno ulikuwa na faida nyingine. Shirika la utangazaji la serikali, SABC, lilikuwa na kamati iliyokagua maneno ya nyimbo, na santuri zilizokataliwa zilikwaruzwa kwa kitu chenye ncha ili mtangazaji asiweze kuzipiga. Saksafoni haikuwa na maneno ya kukaguliwa. Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Wasikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua vyema desturi hii. Katika taarabu, mtu husimama katikati ya wimbo, akaenda kumtuza mwimbaji, na kwa kitendo hicho hutangaza kuwa maneno yale ni yake, hata kama mtunzi hakumfikiria. Na Zanzibar bado hupigwa bashraf, muziki wa ala tupu unaofungua shughuli, ambao kila aliyeketi huujaza kwa yaliyo moyoni mwake.

Nyuma ya pazia

Kilichokuwa kigumu kwa Mankunku ni kuonekana. Katika miaka ya 1960 aliwahi kupuliza saksafoni katika ukumbi wa manispaa ya Cape Town akiwa nyuma ya pazia, huku Mzungu mmoja akisimama mbele ya hadhira na kujifanya ndiye anayepuliza. Jina lililotumiwa lilikuwa Winston Mann. Sheria haikuruhusu watu weusi na Wazungu kupiga muziki pamoja jukwaani mbele ya hadhira ya aina ile.

Waliokuwa ukumbini walimpigia makofi mtu ambaye hakuwa amepuliza hata noti moja. Masikio yao yalipokea ukweli, macho yao yakapokea uongo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa namna ubaguzi wa rangi ulivyofanya kazi: jasho la mtu mweusi lilitakiwa, uso wake haukutakiwa.

Wenzake wengi walikwenda ng'ambo. Hugh Masekela, Miriam Makeba, Abdullah Ibrahim na kundi la Blue Notes waliyatafuta majukwaa ya Ulaya na Marekani. Mankunku alibaki nyumbani.

Funzo la mwaka 1939

Historia ya jazi ina kisa kingine kinachosaidia kulielewa jambo hili. Tarehe 11 Oktoba mwaka 1939, mjini New York, Coleman Hawkins aliurekodi wimbo Body and Soul. Hawkins ndiye aliyeipatia saksafoni ya tenori hadhi katika jazi, na alikuwa amerejea karibuni baada ya miaka mitano Ulaya. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mapenzi, uliotungwa mwaka 1930 na kujulikana na wengi.

Hawkins aligusa lahani yake mwanzoni tu, kisha akaiacha. Kwa muda uliobaki wa santuri ile ya dakika tatu alijenga jambo jipya juu ya msingi wa zamani. Ingetazamiwa kuwa watu wangelalamika kunyang'anywa wimbo wao. Badala yake waliinunua santuri kwa wingi, na vijana wapuliza saksafoni wakaukariri upulizaji ule noti kwa noti. Baadaye mwimbaji Eddie Jefferson aliutungia maneno upulizaji wenyewe wa Hawkins.

Serote alifanya jambo la namna hiyo hiyo. Pale ambapo saksafoni haikusema, msikilizaji aliongeza maneno yake. Utungo hauwi wa kudumu kwa amri ya mtunzi wala ya chuo. Hudumu kwa kuwa watu wamekubali kuubeba.

Kilima na bonde

Hapo ndipo lilipo jukumu zito la darasa la Glenwood. Sheria ya mwaka 1959 ilikuwa imewazuia watu weusi kujiandikisha bila kibali maalumu katika vyuo vikuu vilivyotengwa kwa ajili ya Wazungu. Kufikia miaka ya 1980 ukuta huo ulikuwa umeanza kuwa na nyufa, na somo la jazi likapita katika ufa mmojawapo.

Kutoka darasa hilo lilitokea kundi la Jazzanians, lenye wanafunzi weusi, Wazungu na wa asili ya Kihindi. Miongoni mwao walikuwa mpuliza saksafoni Zim Ngqawana na mpuliza tarumbeta Johnny Mekoa. Mwaka 1988, ubaguzi ukiwa bado ni sheria ya nchi, vijana hao walisafiri hadi Detroit, Marekani, kupiga muziki mbele ya mkutano wa walimu wa jazi. Mekoa baadaye alianzisha shule ya muziki katika kitongoji cha Daveyton.

Hata hivyo, darasa lina hatari zake. Kilio kikishaandikwa katika karatasi huweza kugeuka zoezi la vidole. Mwanafunzi huweza kuzipuliza noti zote za Mankunku bila ya kosa, akapata alama nzuri, na ng'ombe asilie. Lakini bila ya darasa, huenda kijana wa leo asingeufikia utungo huo kamwe, kwani waliousikia ukiwa mpya wanazidi kupungua.

Mankunku alifariki dunia tarehe 13 Oktoba mwaka 2009 mjini Cape Town, akiwa na umri wa miaka 66. Chuo Kikuu cha Natal nacho kilikwisha kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Durban-Westville mwaka 2004, kikawa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Barabara ipitayo mbele ya Howard College ina jina la mshairi Mazisi Kunene, aliyeishi uhamishoni kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kilima bado kipo, na bonde bado lipo. Saksafoni ikipulizwa huko juu, swali linalomkabili kijana anayeishika ni lile lile lililowakabili walionunua santuri mwaka 1968: ni nani anayelia, na ni nani anayetakiwa kuitika?