Bunduki ya skauti: silaha ya kazi zote na ufuo wa Kabezi

Bunduki ya skauti ni bunduki nyepesi yenye komeo la kuvuta kwa mkono, iliyokusudiwa kumtosha mtu mmoja kwa kila shughuli: kuwinda, kujilinda na kutembea nayo safari ndefu. Skauti hapa si kijana mwenye skafu shingoni, bali ni askari wa doria atanguliaye wenzake peke yake. Wazo hilo lilienezwa na Mmarekani Jeff Cooper, aliyefungua shule ya kulenga shabaha katika jimbo la Arizona mwaka 1976.

Masharti yake yalikuwa bayana: uzito wa kilo 3 hivi, urefu usiozidi mita 1, risasi ya milimita 7.62 ya aina itumiwayo na majeshi ya NATO, na darubini ndogo iliyofungwa mbele, juu ya mtutu, ili mlengaji asipoteze mandhari yaliyomzunguka. Kampuni ya Steyr ya Austria ilitoa ya kwake mwaka 1998.

Je, inafaa kwa kazi zote kweli? Kwa mwindaji wa swala, inafaa sana. Lakini mnyama atishaye mashamba na wavuvi katika ufuo wa Tanganyika ni kiboko, mwenye uzito unaopita tani 1. Kwake risasi hiyo ni hafifu, na kiboko aliyejeruhiwa ni hatari kuliko yule aliyeachwa ale mihogo. Cooper mwenyewe alitaka pawepo aina nyingine, yenye risasi nzito zaidi, kwa ajili ya wanyama wakubwa.

Hata hivyo, wakazi wa Kabezi, kusini mwa Bujumbura, waliijua bunduki nyingine ya kazi zote: Kalashnikov. Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993, wapiganaji wa FNL walikuwa katika milima iliyo juu yao. Bunduki hiyo hailengi mbali kwa uhakika na risasi yake ina nguvu ndogo, ila huvumilia matope na risasi zake zilipatikana kwa wingi. Hayo mawili yalishinda ubora wote wa darubini.

FNL iliweka silaha chini mwaka 2009, na mwaka huohuo raia wakatakiwa kusalimisha zao. Tangu hapo, anayetaka bunduki, ya skauti au nyingineyo, huulizwa kwanza kibali.