Tangi dogo la matumbawe nyumbani: Chumvi, subira na umeme usiokatika

WANAOTAMANI kuwa na kipande cha bahari sebuleni aghalabu hununua tangi dogo wakiamini kwamba udogo wake utawapunguzia kazi na gharama. Gharama hupungua, naam. Kazi haipungui. Katika maji ya chumvi, kadiri tangi linavyokuwa dogo ndivyo hitilafu ndogo inavyogeuka kuwa msiba.

Chukua mfano wa maji yanayokauka. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja. Maji yanapogeuka kuwa mvuke, chumvi haiondoki, hubaki tanginai humo na kuongezeka ukali. Tangi la lita 400 likipoteza lita mbili, kiwango hicho hupanda kwa kiasi kisichofika hata robo gramu. Tangi la lita 40 likipoteza lita zizo hizo mbili, kiwango hufika karibu gramu 37. Samaki wengi wataivumilia hali hiyo kwa muda. Kamba na matumbawe wana uvumilivu mdogo zaidi. Ndiyo maana kila siku tangi hujaziwa maji baridi yasiyo na chumvi, wala si maji ya bahari, jambo ambalo huwatatiza wanagenzi wengi.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu neno lenyewe. Magazeti yetu huchanganya matumbawe na marijani kana kwamba ni kitu kimoja. Marijani, kwa asili, ni kile kito chekundu kinachotungwa shanga. Matumbawe ndiyo yanayojenga miamba ya pwani yetu, na mawe yake yaliyokufa ndiyo yaliyojengea nyumba za Lamu na mji wa kale wa Gede. Tumbawe hai ni mnyama, au kwa usahihi zaidi ni kundi la wanyama wadogo mno, kila mmoja akiwa na mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Ndani ya mwili wa wengi wao huishi vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutengeneza chakula kwa mwangaza na kumgawia mwenyeji wao.

Ushirika huo ndio unaoeleza karibu kila hitaji la tangi la matumbawe. Taa lazima iwe kali, tena ya aina iliyokusudiwa kazi hiyo, na iwake kwa saa nane hadi kumi kwa siku. Joto nalo linafaa kuwa kati ya nyuzi 25 na 27 za selsiasi. Likizidi kwa siku kadhaa, matumbawe huvifukuza vijimea hivyo na kubaki meupe kama mfupa. Hilo ndilo lililoikumba pwani ya Kenya mwaka 1998, wakati joto lililoandamana na El Nino lilipoua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari Hindi magharibi. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia ilikuwa katika wimbi la nne la maafa ya aina hiyo. Sebuleni, balaa lilo hilo huletwa na kipashajoto cha bei rahisi kilichokwama kikiwa kimewaka usiku kucha.

Mkazi wa Nairobi hana budi kuwa na kipashajoto, kwa kuwa usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 na hata chini ya hapo. Mkazi wa Mombasa ana tatizo la kinyume chake. Kuanzia Januari hadi Machi, maji ya tangi lake yanaweza kupita nyuzi 30 pasipo kipashajoto chochote. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyapoza kwa nyuzi mbili au tatu, lakini huyakausha kwa kasi, na hapo tunarudi kwenye hesabu ya chumvi.

MAJI

Wapwani huuliza kwa nini mtu anunue chumvi ya viwandani ilhali bahari iko mlangoni. Swali ni la haki. Maji ya bahari yanaweza kutumika, mradi yachotwe mahali safi, maji yakiwa yamejaa, mbali na mikono ya bahari ya Tudor na Kilindini inayopokea uchafu wa jiji. Msimu wa masika haufai kabisa. Yeyote aliyesimama ufuoni Malindi wakati mto Sabaki umefurika ameiona bahari ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, na tope hilo si kitu cha kumwagia matumbawe.

Walio bara hutegemea chumvi maalumu ya matangi, ambayo si sawa na chumvi ya mezani. Pamoja na sodiamu, ina kalisi, magnesi na madini mengineyo. Tumbawe gumu hujenga mifupa yake kwa kalisi, na huhitaji miligramu 400 hadi 450 za madini hayo katika kila lita. Maji ya kuchanganyia ndiyo huwaponza wengi. Ya mfereji yana klorini, na huenda yakabeba shaba kutoka mabomba ya nyumbani, ambayo hata kwa kiasi kidogo huua konokono na kamba. Ya visima vingi vya Nairobi yana floridi kwa wingi. Yanayofaa ni yale yaliyosukumwa kupitia utando mwembamba unaozuia madini, namna inayotumiwa na baadhi ya wauzaji wa maji mitaani. Hata hayo yapimwe kabla ya kutumiwa, kwa maana si kila muuzaji hubadilisha utando wake kwa wakati.

MAJUMA YA MAJI MATUPU

Tangi limejazwa, pampu inazungusha maji, mchanga umetulia, taa inawaka. Hapa ndipo mtu hutakiwa kukaa majuma manne hadi sita bila kutia samaki hata mmoja. Sababu ni hii: kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ina madhara, kisha bakteria wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si hatari sana. Bakteria hao hawanunuliwi kwa siku moja wakatosha. Sharti waote juu ya mawe na mchanga, nao huota taratibu.

Mtu hutia chembe za amonia au kipande cha kamba aliyekufa ili kuwalisha bakteria, kisha hupima maji kila baada ya siku chache. Amonia na nitriti zikipanda, kisha zikashuka zote mbili hadi sifuri, tangi liko tayari. Kuna wauzaji wanaowashauri wateja watumie samaki hai kuanzishia tangi. Huo ni ukatili usio na faida, na kwa maoni yangu muuzaji wa namna hiyo hastahili kurudiwa.

Baada ya hapo huja kipindi kinachowakatisha wengi tamaa. Vumbi la rangi ya kahawia hufunika mchanga na vioo, kisha nyuzi za mwani wa kijani, na pengine utando mwekundu unaoteleza kama ulimi wa ng'ombe. Mmiliki aliyekwisha kutumia mshahara wake hutazama kitu kinachofanana na mtaro. Tangi nyingi huuzwa zikiwa katika hali hii, mwezi wa tatu au wa nne, ilhali tatizo huwa linakaribia kwisha. Dawa yake ni kubadilisha sehemu ya kumi ya maji kila juma, kupunguza chakula, na kutia konokono wachache wanaokula mwani. Kisha siku moja doa la zambarau, dogo kama ukucha, huonekana juu ya jiwe. Ni mwani mgumu wa chokaa, aina ile ile inayogandisha miamba baharini. Wazoefu hufurahia doa hilo kuliko samaki wa bei ghali, kwa kuwa ni dalili kwamba maji yametulia.

Wazo la kuliachia jiwe lenye uhai kazi ya kusafisha maji lilienezwa na Lee Chin Eng wa Indonesia, aliyeandika mwaka 1961 katika jarida la Marekani la wafuga samaki kuhusu matangi yake yasiyo na mashine kubwa. Siku hizi haishauriwi kung'oa mawe hai baharini. Mawe makavu yaliyooteshwa bakteria hutosha, ingawa huchelewa.

NANI AKARIBISHWE

Filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 iliwafanya watoto ulimwenguni wadai samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari meupe. Samaki huyo, Amphiprion ocellaris, hapatikani katika maji ya Kenya. Tunao jamaa zake wawili, Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, wanaoishi kati ya minyiri ya anemoni. Kwa bahati njema hawa ni wakazi wazuri wa tangi dogo, na wengi wanaouzwa duniani huzaliwa kizuizini. Jozi moja yatosha kwa lita 70. Anemoni yenyewe isitiwe, kwani hutembea, huwachoma majirani, na mara nyingi huishia kunaswa katika pampu na kuoza humo na kuyatia maji sumu.

Yule samaki wa buluu wa filamu hiyo hiyo ni kangaja, hufikia sentimita 30, na kumweka katika tangi dogo ni sawa na kumfungia farasi jikoni. Yule mdogo mwenye mstari mweusi anayewasafisha wenzake wadudu miambani, Labroides dimidiatus, naye aachwe baharini, maana tangini wengi wao hufa kwa njaa.

Kila samaki mpya akae karantini kwa majuma manne katika chombo cha peke yake. Maradhi ya madoa meupe, yanayoletwa na kijidudu Cryptocaryon irritans, hutibiwa kwa shaba, na shaba hiyo hiyo huangamiza matumbawe na kamba. Yakishaingia katika tangi kuu, mtu hulazimika kuwaondoa samaki wote na kuliacha tangi bila samaki kwa miezi miwili au zaidi.

Kuhusu matumbawe, mgeni aanze na yale laini: yale yanayofanana na uyoga, au lile la ngozi linalotikisika kama jani la mgomba. Acropora, lile la matawi kama pembe za swara, lingoje mwaka wa pili. Wafugaji hukata vipande vidogo na kuvibandika kwa gundi juu ya vijiwe, vikakua na kuwa matumbawe mapya. Maarifa ya namna hiyo hutumika pia baharini. Kisiwani Wasini, Kaunti ya Kwale, wakazi wakishirikiana na watafiti wamekuwa wakipanda vipande vya matumbawe kwenye miamba iliyoharibika.

Kuna tahadhari mbili ambazo hazipaswi kupuuzwa. Ya kwanza ni ya kisheria. Matumbawe yote magumu yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, hivyo kuyavusha mpaka huhitaji kibali, na kuchukua chochote katika hifadhi za baharini kama vile Malindi, Watamu na Kisite ni kosa. Ya pili ni ya uhai wa mtu. Baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya zoanthidi, yale yanayofanana na vifungo vya rangi, huwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Yashikwe kwa glavu na miwani. Jiwe lililoota viumbe hao lisichemshwe kamwe, kwani mvuke wake umewahi kuwapeleka watu wa nyumba nzima hospitalini.

UMEME UNAPOPOTEA

Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Kenya, na maeneo mengi yalikaa gizani hadi siku iliyofuata. Kwa mwenye tangi la matumbawe, saa kama hizo huhesabiwa kwa pumzi za samaki. Pampu ikisimama, maji hayachanganyiki tena na hewa, na katika tangi dogo lililojaa wakazi oksijeni huanza kuadimika baada ya saa chache. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kinga ya bei nafuu. Asiyekuwa nayo achukue jagi, achote maji na kuyamimina kutoka juu, tena na tena.

Njia hiyo ina ukoo mrefu. Mnamo 1846, Mwingereza Anna Thynne alisafirisha matumbawe kutoka Torquay hadi London na kuyaweka hai kwa takriban miaka mitatu. Pampu hakuwa nayo. Kila siku mtumishi wake alisimama karibu na dirisha lililo wazi akiyamimina maji kutoka chombo hadi chombo. Historia imelihifadhi jina la bibi, si la mtumishi aliyefanya kazi yenyewe.

Atakayevuka mwaka wa kwanza ataanza kuyaona mambo ambayo mpiga mbizi huyabahatisha kwa nadra. Usiku, akimulika kwa tochi nyekundu, atawaona wadudu wadogo kama punje za mchele wakitambaa juu ya vioo, wala hakuna aliyewanunua. Atamwona kamba akiliacha gamba lake zima juu ya jiwe, hadi mtu adhani amekufa, kumbe amejificha akingoja gamba jipya ligande.

Jozi ya samaki wa anemoni nayo huenda ikataga. Jike ndiye mkubwa, na akifa dume hugeuka kuwa jike. Jozi husafisha jiwe kwa midomo, kisha jike hupanga mayai ya rangi ya machungwa na dume huyapepea kwa mapezi usiku na mchana. Baada ya juma moja hivi macho ya fedha huonekana ndani ya kila yai, na muda mfupi baadaye, taa zikishazimwa, watoto hutoka. Tangini wote huliwa au hunaswa na pampu kabla ya asubuhi. Anayetaka kuwalea huandaa tangi la pili mapema, pamoja na vijidudu vya kuwalisha, kwa sababu jozi ikishaanza kutaga hurudia takriban kila baada ya majuma mawili.