Simu Isiyo na Mpokeaji: Historia na Istilahi za Kinasa Ujumbe

Katika kazi ya kuunda istilahi hutokea mara kwa mara kwamba chombo kigeni huingia pamoja na jina lake, na jina hilo likafasiriwa neno kwa neno kabla ya watumiaji kujiuliza kama dhana iliyomo inalingana na desturi zao. Makala haya yanakusudia kueleza mfano mmoja wa namna hiyo: mashine inayopokea simu wakati mwenyewe hayupo, na hasa yale maneno machache ambayo mwenye simu huyanasa humo kwa sauti yake ili yasikiwe na kila ampigiaye. Kwa Kiingereza maneno hayo huitwa salamu. Tutaonyesha, kwa kufuata historia ya simu katika pwani ya kaskazini ya Tanzania na adabu ya maamkizi ya watu wa Tanga, kwamba tafsiri hiyo haifai.

1. Kutoka waya hadi sauti

Wataalamu hulihusisha neno simu na neno la Kiajemi sim, lenye maana ya uzi wa madini. Mwaka 1879 Kampuni ya Eastern Telegraph ilifikisha Unguja waya wa chini ya bahari kutoka Aden. Katika miaka ya 1890 nyaya za nchi kavu zikatandazwa na utawala wa Wajerumani katika Mrima hadi Tanga, mji ambako ujenzi wa reli ya Usambara ulianza mwaka 1893. Wakati huo simu ilikuwa ni habari fupi ya maandishi iliyopitishwa katika waya. Chombo cha kuzungumzia kilipokuja, watu hawakutafuta neno jipya. Walisema simu ya mdomo. Na habari zilipoanza kupita hewani bila waya, walisema simu ya upepo. Neno lilipanuka hatua kwa hatua, na leo tunaita simu chombo cha mkononi kisicho na waya wowote.

Jambo la kuvutia ni kwamba mashine ya kwanza ya kuhifadhi sauti kwa nguvu ya sumaku nayo ilikuwa ya waya. Mdenmark Valdemar Poulsen aliibuni mwaka 1898 kwa kuzungusha uzi wa chuma katika pipa dogo, akaionyesha katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Moja ya makusudi yake ilikuwa kuhifadhi maneno ya mtu aliyepiga simu asimkute amtakaye. Baadaye uzi wa chuma uliachwa, utepe ukashika nafasi yake. Na baada ya kaseti ndogo kutolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, mashine za namna hiyo zilienea majumbani Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970 na 1980.

Kwa kitendo chenyewe Kiswahili hakikuwa na upungufu. Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay, sauti zao zilinaswa katika santuri zilizorudi kusikilizwa pwani. Kunasa ni neno la mtego: ndege hunasa katika ulimbo, samaki katika wavu. Kwa hiyo kinasa sauti ni istilahi iliyotoka katika maisha ya watu, na kinasa ujumbe ni ndugu yake halali.

2. Kwa nini si salamu

Ugumu umo katika maneno yanayonaswa. Salamu ya Kiswahili ni ya watu wawili. Shikamoo hudai marahaba. Hujambo hudai sijambo. Hodi hungoja karibu. Asiyeitikia huhesabiwa kuwa amekosa adabu au ana kinyongo. Tena salamu hutegemea umri na wakati. Kijana wa Tanga hawezi kunasa shikamoo katika mashine yake, kwa sababu huenda atakayepiga ni mdogo wake. Wala hawezi kuiacha kwa urahisi, kwa sababu huenda ni mama yake. Hawezi kusema sabalkheri, kwa kuwa hajui kama simu itakuja asubuhi au usiku. Mashine haimwoni aliyepo mlangoni.

Hata hivyo utamaduni wetu haukosi mfano wa maneno ya upande mmoja. Barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambazo C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wake mwaka 1892, zinaonyesha utaratibu ulio wazi: anayeandikiwa hutajwa kwa heshima yake, salamu hutangulizwa, ndipo haja hufuata. Lakini mwandishi wa barua anamjua amwandikiaye, na mwenye mashine hamjui. Kutoka katika barua tunaweza kuchukua utaratibu wa jina kwanza na haja baadaye. Salamu hatuwezi kuichukua.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Tangazo lililonaswa ambalo wasemaji wengi wa Kiswahili wamelisikia ni lile la kampuni za simu, kwamba mteja hapatikani kwa sasa na kwamba tafadhali ujaribu tena baadaye. Halina shikamoo wala hujambo. Adabu yake imebebwa na neno tafadhali, na hakuna aliyelilaumu kwa kutoamkia. Matumizi, basi, yamekwisha kuamua jambo ambalo tafsiri ya neno kwa neno ililikosea.

3. Walio ugenini

Suala hili huwa zito kwa wenzetu wanaoishi katika nchi za lugha nyingine. Mtu wa Tanga anayekaa Ujerumani hunasa maneno yake kwa Kijerumani, kwa ajili ya mwajiri na majirani. Mzazi wake anapopiga kutoka nyumbani husikia lugha asiyoijua, hudhani amekosea namba, hukata. Lakini kwa hesabu ya simu mashine ikipokea ni sawa na mtu kupokea: malipo huanza hapo hapo. Mzazi amelipia simu ya ng'ambo, hakuacha neno, na mtoto hajui kwamba alitafutwa. Kama habari ilikuwa ya msiba, kuchelewa huko hakuna fidia.

Ni kweli kwamba mashine ya kaseti imepungua sana, na kazi yake imechukuliwa na huduma za kampuni za simu na ujumbe wa sauti katika simu za mkononi. Lakini huduma hizo bado humtaka mtu anase maneno ya kupokelea, na tatizo limehamia huko pamoja nayo.

4. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza istilahi tatu: kinasa ujumbe kwa mashine au huduma yenyewe, karibisho kwa maneno ya mwenye simu, na ujumbe kwa maneno ya aliyepiga. Karibisho linafaa kwa sababu mwenye simu ndiye mwenye nyumba, na aliyepiga ndiye aliyebisha hodi.

Kuhusu muundo, jina litangulie, maana jina hueleweka katika lugha zote. Kiswahili kifuate kwa ufupi. Lugha ya nchi ije mwisho. Mwenyeji atangoja nukta chache bila hasara kubwa, lakini anayelipia simu ya mbali asingojeshwe. Karibisho laweza kuwa hivi: «Hapa ni kwa fulani. Karibu. Nimetoka kidogo, taja jina lako na haja yako, nami nitakupigia.» Tumechagua nimetoka badala ya sipo, kwa kuwa ndivyo mtu wa pwani ajibuvyo mlangoni, na kwa kuwa ni vigumu kwa sauti kukana kwamba ipo.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayapime mapendekezo haya katika kazi zao. Maofisa wa ofisi zetu zilizo nchi za nje, ambako Mtanzania mwenye shida hupiga simu hata baada ya saa za kazi, wanaweza kuwa wa kwanza kuyajaribu.