Propela ya Nchi Kavu

Lori kuukuu lenye difu mbele na nyuma lilikuwa limepandishwa juu ya magogo, chini ya mwembe, kando ya barabara ya Mpanda kwenda Sitalike. Fundi alikuwa chali uvunguni, miguu tu inaonekana. "Dogo, shika propela isinidondokee." "Nimeshika, fundi."

Mgeni wa gereji angetazamia kuona mapanga, kwa kuwa propela tunayoijua shuleni ni rafadha, ile inayosukuma maji nyuma ya meli. Kilichoshushwa pale ni bomba la chuma lililojaa tope kavu.

Kosa, kama ni kosa, si la fundi. Waingereza waliuita propela shafti mhimili unaotoka kwenye injini ya meli kwenda kwenye rafadha. Magari yalipokuja, mhimili ukapanda nchi kavu na jina lake, rafadha ikabaki majini. Sisi tukapokea propela shafti, kisha tukaona hata shafti ya nini. Wala tusiwacheke Waingereza: usukani wetu nao tuliutoa jahazini. Wafaransa na Wajerumani wao mhimili huo wanauita kwa jina la Cardano, msomi wa Italia wa karne ya 16. Aliyeieleza krosi, msalaba wa kwenye maungio, ikipitisha mzunguko kwenye kona ni Mwingereza Robert Hooke, katika kitabu chake cha mwaka 1676 kuhusu ala za kutazamia jua.

Lori lile lina propela za vipande. Kifupi kinatoka gia boksi hadi transfa, kingine kinakwenda difu ya mbele, na cha nyuma kimekatwa vipande viwili, katikati kikaning'inizwa kwenye chesesi kwa senta beringi yenye mpira. Kwa nini kikatwe? Bomba refu likizungushwa kwa kasi hufumuka tumbo kama kamba ya watoto ya kuruka. Ukipunguza urefu kwa nusu, kasi ya kufikia hatari hiyo hupanda mara nne.

Kila kiungio kina krosi, msalaba mdogo wa ncha nne, na kila ncha imevaa kikombe chenye vyuma vyembamba kama sindano. Fundi alikigonga kimoja kikatoka. Badala ya grisi ulimwagika unga mwekundu: maji ya udongo wa mbuga yalishapenya sili tangu masika. Nilipitisha ukucha juu ya ncha ya krosi, ukakwama kwenye mifereji iliyochimbwa na zile sindano.

Lakini krosi mpya peke yake isingeliponya lori lile. Krosi ikifanya kazi kwenye kona haizungushi sawasawa. Kwa pembe ya nyuzi 20, upande unaozungushwa huchelewa kwa karibu asilimia 6, kisha hutangulia kwa kiasi hichohicho, mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili hulifuta yumbo hilo, mradi pembe zilingane na ncha mbili za bomba moja zilale usawa mmoja. Propela hurefuka na kufupika kwa meno yanayoteleza. Ukiichomoa bila alama na kuirudisha meno mawili matatu pembeni, usawa umepotea. Ndivyo ilivyokuwa. Gereji ya awali waliichomoa hivyohivyo, na dereva alishanunua tairi mbili akidhani mtetemo unatoka huko.

Ncha hizo za bomba zinaitwaje? Ukimpa mfasiri neno la Kiingereza, atakuletea nira, na wafugaji wa Katavi wanaofunga maksai kwenye plau watamshangaa. Fundi alisema "masikio", na ni sahihi kwa yale matundu mawili yanayopokea vikombe. Kwa kipande kizima chenye masikio mawili, mimi napendekeza panda, ile ya manati na ya njia panda. Si kwa sababu tuko Mpanda. Neno lipo, umbo ni lilelile, na "panda zilale pamoja" ni agizo analolielewa hata dogo aliyeanza kazi jana.

Propela yenyewe tuiache. Anayetaka kuandika "mhimili rafadha" kwenye kitabu cha ufundi atampeleka mwanafunzi ziwani Tanganyika, ilhali gari liko barabara ya Sitalike. Kamusi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili ya Rajmund Ohly ilitoka Dar es Salaam mwaka 1987, nami nazithamini kazi za namna hiyo. Ila neno lililokwisha kuingia uvunguni na kupakwa grisi halihitaji kubatizwa upya. Nguvu zetu tuziweke kwenye panda, ambako bado tunaonesha kwa kidole.

Fundi alizipanga panda, akafumba jicho moja kupima usawa, akaomba alama. Dogo akaleta chaki.

"Chaki inafutika. Lete tindo."