Popo wa Bonde la Kampala

Yupo popo mkubwa, mwenye manyoya ya rangi ya majani makavu, ambaye si mgeni kwetu Kongo. Kila mwaka, toka Oktoba hadi Desemba, popo hao kwa mamilioni hukusanyika Kasanka, nchini Zambia, karibu na mpaka wetu, wakila masuku na matunda mengine ya porini. Mwaka 2008 wataalamu walitoa habari ya wanne waliofungwa vyombo vidogo vya kufuatiwa toka angani: waliruka wakaingia Kongo, na mmoja alisafiri zaidi ya kilometa 2,000.

Lakini siri yake kubwa ilijulikana mjini Kampala. Kando ya barabara ya Bombo palikuwa na bonde lenye miti, na popo wa aina hiyo hiyo walining'inia humo mchana kutwa, kwa makelele na harufu yao. (Jirani wa namna hiyo si wote wampendao.) Mtaalamu Festo Mutere aliwachunguza kwa subira, mwezi baada ya mwezi. Akaona ajabu: hupandana toka Aprili hadi Juni, na watoto huzaliwa Februari na Machi. Mbona mimba ndefu hivyo kwa mnyama mdogo? Kumbe mbegu ya mtoto husimama tumboni bila kukua, ikingoja miezi mitatu au zaidi. Mnamo Oktoba ndipo hujishika katika mji wa mimba na kuanza kukua. Jambo hilo alilitangaza mwaka 1965.

Kwa kuwatazama jioni moja wakipita asingelijua. Ilimpasa kuwa nao karibu mwaka mzima. Baadaye popo waliliacha bonde lile. Shule ya hapo ingali inaitwa Bat Valley, yaani Bonde la Popo.