Mpelelezi Asiye na Cheo: Muhammed Said Abdulla na Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Historia ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili aghalabu husimuliwa kama historia ya kuiga. Husemwa kwamba Muhammed Said Abdulla alimchukua Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, akamwachia kiko chake na kumwita Bwana Msa. Athari hiyo haikanushiki. Hata hivyo, inaacha swali zito zaidi: katika riwaya hizi, ni nani mwenye haki ya kufichua siri?

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alianza kazi katika Idara ya Afya, akahamia uandishi wa habari, kisha akahariri gazeti la Mkulima kuanzia 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa 1960. Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka 1968. Zikafuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Kwa hiyo, kati ya riwaya saba, moja tu ilichapishwa kabla ya mwaka aliostaafu, na Mapinduzi ya 1964 yako kati ya ya kwanza na ya pili.

Katika kipindi chote hicho Bwana Msa hakupewa cheo. Hatumwi na serikali. Silaha yake ni kuuliza, kusikiliza na kupima maneno. Mauaji ya riwaya ya kwanza yanatokea mahali panapohofiwa, na jamii ina jibu tayari: mzimu. Giningi nayo, katika imani za Unguja, ni makao ya wachawi. Bwana Msa anahamisha swali kutoka kwa mizimu hadi kwa binadamu wenye tamaa na siri za ukoo.

Upekee huo unadhihirika tukimlinganisha na waliomfuata. Katika Simu ya Kifo (1965), Faraji Katalambulla aliukabidhi upelelezi kwa polisi. Mwaka 1974, ilipotoka Siri ya Sifuri, Elvis Musiba alimleta Willy Gamba, jasusi wa taifa, katika Kufa na Kupona. Ufichuzi wa siri ukawa kazi ya dola. Kwa Abdulla ulibaki kuwa wajibu wa raia mwenye akili.

Msomaji wa Ipogolo, Iringa, huenda hakulelewa na habari za Giningi. Lakini mahali panapohofiwa, na watu wanaonufaika na hofu hiyo, anapajua. Tukimfundisha Abdulla kama mwigaji tu, tunamnyima msomaji huyo hoja kuu ya mwandishi: kwamba kuhoji jibu lililo tayari hakuhitaji cheo.